Kazi ya Michael Wilson Ilinunuliwa, Jina Lake Likakataliwa

Machi 1958 Mfaransa Pierre Boulle alitangazwa mshindi wa Oscar ya uandishi wa mswada kwa filamu ya The Bridge on the River Kwai. Boulle alikuwa ameandika riwaya tu, tena kwa Kifaransa. Mswada wa filamu, wa Kiingereza, uliandikwa na Carl Foreman na Michael Wilson, Wamarekani waliokuwa kwenye orodha nyeusi, yaani orodha ya watu ambao studio za Hollywood zilikataa kuwaajiri kwa kuwashuku kuwa wakomunisti. Majina yao hayakuonyeshwa popote.

Wapo wanaosema Wilson alijitakia, na hoja yao si ya kupuuzwa. Hakusingiziwa: alikuwa mkomunisti kweli. Septemba 1951, vita vya Korea vikiendelea, aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliyowasaka wakomunisti, akatumia haki yake ya kikatiba kukataa kujibu. Studio nazo ni biashara za watu. Nani angemlazimisha mwenye mali kumwajiri mtu ambaye huenda filamu yake ikasusiwa kwa sababu yake?

Nakubali. Lakini studio hazikuikataa kazi ya Wilson, zilikataa jina lake. Kama kalamu ile ilikuwa hatari kwa taifa, mbona waliendelea kuinunua? Waandishi waliowekwa kwenye orodha nyeusi waliuza miswada kwa siri, mara nyingi kwa bei ya chini mno kuliko waliyozoea kulipwa. Mwenye studio alipata mswada uleule kwa nafuu, na mwandishi hakuwa na pa kulalamikia. Ukiliona hilo, maneno ya uzalendo yanapwaya.

Mimi hunisumbua zaidi kisa cha filamu ya Friendly Persuasion. Mwongozaji William Wyler alidai mswada wa Wilson ulikuwa umebadilishwa sana na wengine, na huenda aliamini hivyo kwa dhati. Chama cha waandishi kikapima, kikaamua mswada ni wa Wilson. Hapo studio ikachomoa kifungu cha mkataba, ambacho chama hichohicho kilikuwa kimekiridhia, kinachoruhusu kufuta jina la mwandishi aliyekataa kuijibu kamati. Filamu ikatoka mwaka 1956 ikiwa haina mwandishi wa mswada, kana kwamba ulijiandika wenyewe. Februari 1957 Akademi, taasisi inayotoa Oscar, nayo ikapitisha kanuni kwamba mtu wa namna hiyo hastahili Oscar, na mswada ukaenguliwa. Akademi hiyohiyo ilikuwa imempa Wilson Oscar ya A Place in the Sun, pamoja na Harry Brown, Machi 1952, miezi 6 tu baada ya kukataa kwake. Kosa lilelile halikumzuia kutuzwa mwaka 1952, likamzuia mwaka 1957. Kanuni ilifutwa Januari 1959.

Kuhusu filamu ya Lawrence of Arabia ya 1962, mwandishi Robert Bolt alikuwa na haki ya kujivunia mazungumzo aliyowaandikia wahusika, ni mazuri mno. Ila Wilson, aliyekuwa akiishi Ufaransa, ndiye aliyetangulia kuijenga hadithi, na sifa zote za uandishi zikamwendea Bolt peke yake.

Akademi iliirekebisha Oscar ya Kwai mwaka 1984, miaka 26 baadaye. Jina la Wilson lilirudishwa kwenye Lawrence mwaka 1995. Yeye alifariki mwaka 1978.