Septrini haiishii tumboni

Ushauri wa kutotupa vidonge vilivyoharibika chooni ni mzuri, ila unatufanya tuamini kwamba dawa zilizomo Ziwa Victoria zilitupwa na wazembe. Nyingi hazikutupwa. Zilimezwa na wagonjwa, zikafanya kazi yake, zikatoka na mkojo. Zaidi ya nusu ya antibayotiki ya amoksilini unayomeza hutoka ikiwa dawa ileile, na metformini ya wenye kisukari mwili hauivunji kabisa.

Kampala, mkojo huo mwingi huishia vyoo vya shimo. Mvua kubwa ikipiga mtaa wa Namuwongo, mashimo hufurika, na mfereji wa Nakivubo huyasomba yote hadi Ghuba ya Murchison, ziwani Victoria. Ni ghuba hiyohiyo ambako mitambo ya Ggaba huchota maji ya bomba.

Watafiti waliopima Ziwa Victoria upande wa Uganda wamekuta sulfamethoksazoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya antibayotiki ya septrini. Sishangai. Kwa miaka mingi watu wanaoishi na VVU wamepewa septrini kila siku, nayo hudumu majini kuliko amoksilini. Imewaokoa wengi, na sikubali hata kidogo walaumiwe.

Kiasi chenyewe ni nanogramu, yaani sehemu za bilioni za gramu, kwa lita. Hakuna atakayepata dozi ya dawa kwa kunywa glasi ya maji. Hofu yangu ni bakteria wanaoishi ndani ya maji yenye dawa hafifu usiku na mchana: wanaosalia ni wanaoivumilia, na usugu huo huwapa wenzao. Nawahofia samaki pia. Nchini Kanada, kuanzia 2001 hadi 2003, wanasayansi walitia ziwani homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Samaki madume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka.

Mtambo wa Bugolobi, unaosafisha maji taka ya Kampala, haukujengwa kwa ajili ya kuondoa dawa. Mafunjo ya kinamasi yangetusaidia kiasi: hupunguza kasi ya maji, tope likanasa baadhi ya dawa, vijidudu na jua vikavunja nyingine. Karbamazepini ya kifafa ni sugu, itapita. Hata hivyo tumeyafyeka tukapanda magimbi na kujenga nyumba.

Mafunjo yarudishwe. Vyoo vya Namuwongo vinyonywe kwa bei ambayo mpangaji wa chumba kimoja anaimudu. Na hospitali kubwa, zenye antibayotiki kali kuliko za dukani, zilazimishwe kusafisha maji taka yao kabla hayajatoka getini.