Mawe ya Menengai si basalti

Mwandishi wa makala kuhusu miamba ya volkeno ameeleza vyema jinsi inavyotokea, ila aliposema kwamba mawe meusi ya ndani ya kreta ya Menengai, huko Nakuru nchini Kenya, ni basalti ameteleza, kwani mengi ni trakiti, aina nyingine ya mwamba wa volkeno, ambayo silika yake (kiini cha mchanga na kioo) hupita asilimia 60, ilhali ya basalti ni kati ya asilimia 45 na 52. Silika ikizidi, lava huwa nzito kama uji wa wimbi, haitiririki mbali. Ikipoa upesi mno, fuwele za madini hazipati muda wa kukua. Ndipo linapotokea lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, yaani obsidiani, ambalo watu wa kale wa Kariandusi, eneo la kihistoria karibu na Gilgil, walilichonga kuwa mashoka. Jiwe la namna hiyo nililookota shambani kwetu Bahati, karibu na Nakuru, lina vitundu vilivyoachwa na gesi.