Chumba cha Darini Huamuliwa Ngazini

Kwetu dari ni mahali pa masanduku ya zamani na, ukikosa bahati, popo. Uingereza dari ni mita za mraba. Familia iliyo kwenye nyumba ya kushikana ya vyumba vitatu, watoto wamekua na bibi anakuja kukaa miezi sita, hutazama juu kabla ya kutazama bei ya nyumba kubwa zaidi. Ubishi unaofuata nimeusikia misibani na harusini: kuna haja gani ya kumwita mkaguzi wa ujenzi, kama fundi anajua kazi yake?

Wengi wa wanaosema hakuna haja wanachanganya mambo mawili. Wameambiwa, na ni kweli, kwamba England nyumba nyingi haziombi ruhusa ya mipango miji kwa kazi hii. Nyumba ya kushikana inaweza kuongeza hadi mita za ujazo 40 kwenye paa, na ya pacha (mbili zinazoshiriki ukuta mmoja) au iliyojitenga hadi 50, masharti mengine yakitimizwa. Flati haimo katika msamaha huo. Lakini ruhusa hiyo inahusu sura ya nyumba na mtaa. Kanuni za ujenzi zinauliza kama sakafu itabeba na kama watu watatoka hai moto ukiwaka, na swali hilo halina msamaha wa mita 40.

Nina upande wangu, ila malalamiko yao si ya kupuuza. Ukigeuza dari ya nyumba ya ghorofa moja, yaani yenye chini na juu, umeifanya ya ghorofa mbili. Sakafu mpya kwa kawaida inakuwa zaidi ya mita 4.5 kutoka ardhini, na kutoka hapo dirisha halihesabiwi tena kuwa njia ya kujiokoa. Kwa hiyo njia yote ya ngazi, kutoka juu hadi mlango wa nje, inatakiwa izungukwe na kuta na milango inayozuia moto, kuta zikihimili dakika 30. Ving'ora vya moshi viwe vya umeme wa nyumba, kila ghorofa, vimeunganishwa ili kimoja kikilia vyote vilie. Aliyevunja ukuta wa sebule ili ngazi ianzie humo ndani anaambiwa aurudishe, au atafute suluhisho jingine la gharama, kama mfumo wa kunyunyiza maji. Mtu alitaka chumba juu, sasa anabadilisha milango ya chini. Inauma.

Tena wana hoja nzito ambayo wenyewe hawaitumii mara nyingi. Tangu 2007 mwongozo wa England haudai kifaa cha kujifunga kwenye milango hiyo ndani ya nyumba, isipokuwa ule wa gereji. Mlango wa kuzuia moto ulioachwa wazi usiku kucha, umezuiliwa na kiatu, ni ubao wa bei ghali tu. Sheria inakununulisha mlango kisha inakuachia mwenyewe kuufunga. Hata hivyo, hoja hiyo inaniambia nifunge milango kabla ya kulala; hainiambii niache kuiweka.

Kwenye uzito, hapo sina subira na upande wa pili. Mbao za dari ya kawaida zimepimwa kubeba jipsamu na mizigo midogo, takriban kilo 25 kwa mita ya mraba. Sakafu ya chumba cha kuishi inapimwa kwa takriban kilo 150, yaani mara sita. Anayepigilia ubao juu ya mbao zilezile na kuweka kitanda hajajenga sakafu. Huenda isianguke, itabonyea, dari ya chini itapasuka nyufa, na fundi atasema nyumba inatulia. Nyumba zilizojengwa tangu miaka ya 1960 mara nyingi zina kenchi za kiwandani, fremu za mbao zinazobeba paa, vipande vyembamba vyenye umbo la W vinavyoshikana kila kimoja na mwenzake. Kata kimoja upate pa kupita, kabla boriti za chuma hazijawekwa, na paa linaanza kusukuma kuta nje. Makombamoyo, yaani mbao za mteremko wa paa, ya nyumba za zamani zaidi yana nafasi, ndiyo maana nyumba hizo hugeuzwa kwa urahisi, lakini nazo zinahitaji hesabu za mhandisi na mbao mpya kulazwa kando ya zile za awali.

Popo wakiwemo, usiguse. Huko analindwa na sheria, na kuvuruga makazi yake ni kosa la jinai. Wapangaji wengi wangemwonea wivu.

Kuhusu ukali wa kanuni, ukweli ni kwamba zinalegea kuliko zinavyosifiwa. Ngazi inadai mita 2 za nafasi juu ya kichwa, lakini kwa dari inakubaliwa 1.9 katikati na 1.8 upande wa chini wa paa. Chumba chenyewe hakina kimo cha chini kilichowekwa. Tatizo ni kwamba ngazi hiyo lazima ianzie mahali fulani chini, na mara nyingi inakula kipande cha chumba cha kulala. Ukipata chumba kimoja juu na kupoteza nusu ya kingine, hesabu imebadilika kabla hujanunua hata msumari.

Na kukwepa si rahisi tena kama zamani. Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022 iliongeza muda wa halmashauri kudai kazi mbovu ibomolewe au irekebishwe, kutoka miezi 12 hadi miaka 10. Siku ya kuuza, wakili wa mnunuzi ataomba cheti cha kukamilika kwa kazi. Wapo wanaonunua bima badala yake. Bima hiyo inafidia gharama za kuandamwa na halmashauri; haishiki boriti.

Kwa anayeendelea, kuna maombi ya namna mbili: kutoa taarifa tu na kuanza baada ya siku mbili, au kupeleka michoro kamili ikaguliwe kwanza. Mafundi hupenda ya kwanza kwa sababu ya haraka. Kwa chumba cha darini ningelipia michoro, kwa kuwa mwenye taarifa tu anaweza kuambiwa kimo cha ngazi hakitoshi akiwa ameshaisimamisha.