Tawi la Mpera na Wageni Wake

Mawifi zangu wakiingia nyumba ya mtu, macho yao hupanda ukutani kabla salamu haijaitikiwa. Kwa hiyo zamu ya kuandaa vunja jungu, ile karamu ya kabla ya Ramadhani, iliponiangukia mimi, pilau haikunitia hofu. Pilau naijua. Nilihofia sebule.

Sebule yenyewe ilikuwa na kalenda ya saruji ya mwaka juzi na saa iliyokufa saa nne na robo. Basi. Nikaenda mjini kwenye duka la mapambo, nikaulizia tawi la plastiki la kusimamisha pembeni, lile lenye vitaa. Shilingi 75,000. Tawi! La plastiki! Hapa Tanga, ambako matawi ya kweli yanatupwa barabarani na mbuzi wanayaruka! Nikamwambia muuzaji ahsante, nikatoka na hasira zangu, na kabla sijafika kituoni nilikuwa nimeshaamua: sebule yangu itapambwa kwa vitu vya bure au haitapambwa.

Wala sikuwa nabahatisha, mikono ninayo. Vifuu nilipewa na mama anayeuza nazi za kukuna mtaa wa pili. Yeye huvitia motoni tu, akanijazia kiroba akiona namsaidia kufagia. Kifuu kikitaka kupendeza hakitaki haraka. Unakwangua zile nyuzi za makumbi kwa kipande cha chupa, unapiga msasa mkali, kisha laini, mpaka ukipitisha kidole hakikwami popote. Halafu unakipaka mafuta ya nazi, mafuta yake mwenyewe, na hapo hapo kinatoka weusi wenye michirizi ya kahawia, utadhani mpingo. Matundu nilitoboa kwa msumari wa moto: nyota upande huu, mwezi upande ule. (Mwezi ulitoka na umbo la korosho, lakini mgeni mwenye adabu haulizi.) Ndani nikatia holda na balbu ya kizamani, ile ya waya inayounguza vidole, maana nilikuwa nayo kabatini na zile za kisasa zinauzwa. Ukizima taa kubwa, ukuta mzima unajaa vidoa vya mwanga. Nilikaa nikiviangalia mpaka wali ukaungua.

Makombe niliokota ufukweni Raskazone, nikayabandika kuzunguka kioo. Kombe moja liliondoka usiku kwa miguu yake, kumbe lilikuwa na mpangaji, kaa mdogo. Tukamkuta asubuhi chini ya friji, tukamrudisha baharini kwa bodaboda. Yaliyobaki yakavamiwa na sisimizi, kwa sababu gundi niliyoipika ilikuwa ya unga wa ngano na wao waliiona futari ya mapema. Nikafuta kila kitu kwa siki, nikanunua gundi ya dukani. Hiyo ndiyo hela pekee niliyotoa.

Lakini malkia wa sebule alikuwa tawi. Jirani alipunguza mpera wake, akaniachia tawi moja refu lililojipinda lenyewe, gome limebambuka likaacha mabaka ya kijivu na kahawia. Nililianika nyuma ya banda la kuku likakauka, nikalifunga kwa kamba ya katani, nikalining'iniza darini juu kabisa ya pale linapotandikwa jamvi la kulia. Taa za vifuu nikazitundika humo humo. Karibu na ncha lilikuwa na kitu cha povu lililokauka, rangi ya mchanga, ukubwa wa tende, kimeng'ang'ania kijiti. Baba watoto akasema hicho kikwanguliwe. Nikamwambia aache mikono yake kwake. Kitu cha asili lazima kiwe na alama ya uasili, ama si hivyo tungenunua la plastiki.

Na taa niliyoitundika jirani kabisa na lile povu ilikuwa ile yenye balbu kali kuliko zote.

Siku yenyewe wakaja baada ya magharibi, na masufuria yao, na watoto wao. Sahani nilikuwa nimeazima kwa mama mkwe: zile za maua ya bluu, za harusi yake, ambazo hata sisi wakwe huwa tunazionea kwenye kioo cha kabati. Wifi mkubwa akaingia, macho yakapanda, yakakwama kwenye taa.

"Wifi, hizi umeagiza Unguja?"

"Hizi? Aa, nimejitengenezea tu," nikasema, kwa ile sauti ya mtu ambaye wiki nzima amekuwa akiifanyia mazoezi.

Tukaketi. Sinia likashuka. Hapo baba mkwe, aliyezeekea kwenye mashamba ya mkonge, akainua uso akaiona kamba.

"Katani," akasema. Sisi wote tukajua kinachofuata. Watoto wakaanza kuchezesha midomo naye, neno kwa neno. "Mwaka 1893, Mjerumani mmoja, Daktari Hindorf, aliagiza miche ya mkonge 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ikapitishwa Hamburg. Njiani huko ikafa, ikafa, ikafa..."

Kwenye ikafa ya tatu nikaona kitu kinatembea kwenye kofia yake ya viua. Damu ikanihama. Sisimizi wamerudi! Siki yote ile! Nikawa nawaza namna ya kumpangusa baba mkwe kichwani bila kuvunja heshima, nikamkazia macho yule mdudu. Ndipo nilipoona mambo si yale. Sisimizi ana shughuli zake, hana muda na wewe. Huyu alisimama, akakunja mikono miwili kifuani, akageuza kichwa polepole, akanitazama.

Nikainua macho. Kutoka kwenye lile povu walikuwa wanamiminika, wembamba, rangi ya majani makavu, wananing'inia kwenye nyuzi wakijinyonganyonga, wakishajinasua wanashuka. Wengine walishafika kwenye vifuu. Wengine walishafika kwenye pilau.

"Buibui!" wifi mdogo akapiga ukelele. Shemeji akachomoka mlangoni, akarudi na kandambili juu.

"Shusha hiyo kandambili!" Mama mkwe hakuwahi kusimama haraka hivyo tangu nimjue. "Hao vunjajungu! Ukimuua mmoja, chombo kinavunjika. Na vyombo vya humu ndani leo ni vya nani?"

Kila mtu akazitazama zile sahani za maua.

Ndugu zangu, hamjaona kazi mpaka muone ukoo mzima ukijaribu kutoka jamvini bila kukanyaga kiumbe kisichozidi punje ya mchele. Watu wazima walitembea kwa ncha za vidole. Wifi mkubwa, mtu wa haiba zake, alikuwa amepiga magoti anapuliza kachumbari huku anamulika kwa simu. Watoto walikuwa wanawakusanya kwenye kikombe cha juisi ya ukwaju, kitupu kwa bahati, na kuwagawana kwa majina ya wachezaji mpira. Baba watoto alinipita kando na sahani mbili mkononi, akasema taratibu, "Alama ya uasili." Sikumjibu. Mwanamke mwenye wageni hajibizani.

Baba mkwe peke yake hakuinuka. Alisema hadithi haijaisha.

Kisha shemeji akaja na akili. Akasema wadudu hufuata mwanga, tuzime taa zote za ndani, tuwashe ya barazani, watatoka wenyewe kwa hiari. Akazima kabla hajaulizwa. Sijui kuhusu wadudu, lakini binadamu akiwa gizani, akijua juu yake kuna vijitu vinashuka kwa nyuzi, kila unywele wake unageuka kuwa mdudu. Mmoja akasema "kanipanda," wa pili akasema "kaniingia," na zaidi ya hapo hakuna aliyesikia neno la mwenzake, mpaka ilipolia: kah!

Taa ikawashwa. Sahani ya maua ya bluu ilikuwa vipande viwili, na mguu uliokuwa juu yake ulikuwa wa mama mkwe mwenyewe.

Kimya. Hakutazama sahani. Alitutazama sisi.

"Nani ameua?"

Tukaapa. Akasema viapo tumwekee Mungu, yeye anataka nyayo. Basi ukoo mzima ukapangwa ukutani, chini ya nyota zangu na korosho yangu, kila mmoja akiinua mguu wa kulia, kisha wa kushoto, mama mkwe anakagua kwa tochi ya simu. Shemeji alikaguliwa mara mbili na kandambili yake ikanuswa. Wote safi. Akabaki mtu mmoja ambaye hajasimama tangu balaa lianze.

"Baba fulani, inuka."

"Niinuke niende wapi?"

"Inuka."

Akainuka. Akageuzwa. Nyuma ya kanzu nyeupe, pale pa kukalia, ushahidi ulikuwepo, na haukuwa wa mmoja.

Baba mkwe akajipangusa bila haraka, akarekebisha kofia, ambayo juu yake yule wa kwanza alikuwa bado amekunja mikono.

"Iliyofika Tanga hai," akasema, "ilikuwa 62 tu. Hawa wamepona zaidi."

Pilau tulikula barazani, kwa sahani za plastiki. Tawi lilihamia kwenye mlimao uani pamoja na wenyewe. Mama mkwe alizihesabu sahani zake mbele yangu, moja moja, kwa sauti, na kipande kilichovunjika akakitia kwenye mkoba kikiwa kimefungwa kwa leso.

Wifi mkubwa alinivuta pembeni wakati wa kuaga. Anataka taa mbili za vifuu kwa ajili ya Idi, zenye nyota, lakini zisiwe na wadudu. Nikamwambia za bila wadudu bei yake iko juu kidogo.