Daktari wa Dirishani

Goti langu la kulia lilikuwa limenichosha. Nikiinuka kitini linalia kwa! kwa! kama mlango uliokosa mafuta. Daktari akalibonyezabonyeza, kisha akaniandikia eksirei ya magoti yote mawili, nikiwa nimesimama. Nikashangaa: mtu anaumwa goti, badala ya kulazwa anasimamishwa?

Kwenye chumba cha picha nikapewa gauni la kufunga kamba mgongoni. Nikalivaa kamba zikiwa mbele, nikajiona nadhifu. "Mzee, kanyaga kwa miguu yote miwili, uzito sawa, usitikisike," akasema mpiga picha. Nikabana pumzi, na macho nikafumba. Mashine ilipolia tu, kamba zikafunguka, nami nikainama haraka kuokoa heshima. Picha ikatoka na vivuli, magoti kama manne.

"Kupumua ruksa, mzee. Tunapiga goti, si kifua."

Ya pili ikakubali. Ilikuwa Ijumaa jioni na daktari ameshaondoka, nikaambiwa niilete picha Jumatatu. Sasa bahasha ile aliyenituma kuifungua nani?

Niliwahi kusoma kwamba mwaka 1895 Röntgen, Mjerumani aliyegundua mionzi hiyo, aliupiga picha mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana na pete yake kidoleni. Kwa elimu hiyo moja nikajiona bingwa. Nikamwita mke wangu, nikaibandika picha kwenye kioo cha dirisha.

Mfupa mweupe, nyama kijivu, hewa nyeusi: hayo niliyapatia. Kando ya goti moja palikuwa na herufi R, nikajua hilo ndilo la kulia. Hapo pia nilipatia. Nilipotea palipobaki. Goti la kulia, mfupa wa paja umeukalia ule wa muundi, upande wa ndani umegusana nao kabisa, na ukingoni vimeota vijipembe kama vya kushikilia. Imara! Nikahamia la kushoto. Lahaula! Kati ya mfupa na mfupa pana uwazi, njiti ya kiberiti inapita bila kugusa.

"Mifupa imeachana! Goti bovu ni hili la kushoto."

"Mbona linalokuuma ni la kulia?"

"Linauma kwa sababu linabeba mzigo wa mwenzake."

Akaguna. Mimi nikaendelea kutafuta pia ya goti, nisiione mahali popote. Nikatangaza kwamba nayo imepotea.

Goti la kushoto likafungwa bendeji, likawekewa na mto. Na wallahi, kufika Jumamosi asubuhi, goti hilo ambalo halijaniuma tangu nizaliwe likaanza kuuma. Siku mbili nzima nikapanda ngazi kwa mguu wa kulia, nikashuka kwa mguu wa kulia, nikageuka kwa mguu wa kulia. Jumatatu la kulia lilikuwa limevimba hata suruali inakataa kupita.

Daktari aliitazama picha, akaitazama bendeji, akaitazama tena picha.

"Mguu huu umeumia lini?"

Nikamweleza utafiti wangu wote. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameuma kalamu, nadhani ili asicheke.

"Kalsiamu ya mfupa huzuia mionzi, ndiyo maana mfupa hutoka mweupe," akasema. "Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, haliizuii hivyo, kwa hiyo kwenye picha hulioni. Huo uwazi unaoulilia ndimo lilimo, tena zima kabisa." Kalamu ikahamia kulia. "Huku ndiko lilikolika, mifupa imekaribiana. Na hivi vijipembe ulivyovisifia, ni mfupa unaoota kando ya kiungo kinachochakaa."

"Na kunisimamisha?"

"Uzito wako ndio unaoikaribisha mifupa. Ungelala, pengo lingeweza kuonekana pana kuliko lilivyo, likanidanganya hata mimi."

Pia ya goti ilikuwepo. Kwenye picha ya mbele huangukia juu ya mfupa wa paja, hubaki kivuli hafifu cha duara. Alinionyesha mara tatu. Mara ya tatu nilisema nimeiona.

"Sasa hizi siku mbili," akauliza, "uzito umeubebesha mguu upi?"

Nikaangalia dari. Mke wangu, ambaye hakuulizwa, akajibu.

Tulipotoka bendeji ilikuwa imehamia kulia. Nikanyoosha mkono kuchukua bahasha, nikakuta ameshaibana kwapani.

"Hii nabeba mimi," akasema. "Wewe beba goti."