Huko si kunakili

Mwandishi wa makala moja anadai Thomas Demand, msanii Mjerumani wa picha, ananakili tu picha za magazeti. Hapana bwana. Kunakili gani huko, mtu anajenga chumba kizima kwa karatasi na kadibodi, kwa ukubwa wake halisi, anakipiga picha, kisha anakivunja?

Tazameni picha yake Büro (yaani Ofisi) ya 1995, iliyotokana na picha ya makao ya Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, mjini Berlin baada ya wananchi kuyavamia Januari 1990. Makaratasi yametapakaa mezani na sakafuni, lakini huoni hata herufi moja. Majalada ya majasusi, tena wale, yote meupe pe! Basi jicho linakosa cha kusoma, linaanza kukagua chumba chenyewe: kuta, meza, kona. Picha ya habari hutufanya tumtafute mtu. Demand kamwondoa, kaliacha jengo liseme.

Ile ya chumba cha kuongozea mitambo cha kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani (2011), vipande vya dari vikining'inia, ndiyo usiseme.

Kama ni kumlaumu, mimi ningesema anajifungia ndani mno. Vyumba, korido, ofisi. Mitaa na viwanja vya mji vi wapi? Hapo ndipo makala ingembana.