Kanisa wakati wa janga: hoja za kufunga, hoja za kuacha wazi

Wanaotaka kanisa liendelee kukusanyika wakati wa janga huanzia Waebrania 10:25, mahali waumini wanapoonywa wasiache kukutana. Wanaotaka lifungwe huanzia Mathayo 4, pale Yesu alipokataa kujitupa kutoka juu ya hekalu ili kumjaribu Mungu. Pande zote mbili zimeshika Biblia, kwa hiyo kurushiana mistari hakutamaliza ubishi. Afadhali kuuliza maswali mawili ya kawaida kabisa. Ndani ya ibada, ni kitu gani kinachoambukiza? Na mlango ukifungwa, ni kitu gani kinachopotea?

Ushahidi wa upande wa kufunga umeandikwa vizuri. Tarehe 10 Machi 2020, wanakwaya 61 wa Skagit Valley, katika jimbo la Washington nchini Marekani, walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Mlangoni kulikuwa na dawa ya kutakasa mikono, na watu walijizuia kukumbatiana. Mmoja wao alikuwa na dalili zilizofanana na mafua. Baadaye 53 waliugua UVIKO-19 (korona), kwa kujumlisha waliothibitishwa na waliodhaniwa, na wawili wakafariki. Mikono yao ilikuwa safi. Walichoshiriki kwa muda wote ule ni hewa.

Siku hizohizo, katika kanisa moja la kijijini jimboni Arkansas, watu 92 walihudhuria shughuli mbalimbali kati ya tarehe 6 na 11 Machi. Walioambukizwa na kuthibitishwa walikuwa 35, na watatu wakafa. Lakini namba nzito zaidi katika kisa hicho inahusu watu ambao hawakuhudhuria: wagonjwa 26 wengine katika jamii inayolizunguka kanisa walihusishwa na mlipuko huo, na mmoja wao akafariki. Hapo ndipo hoja ya "anayeogopa abaki nyumbani" inapovunjika. Muumini anaweza kukubali hatari kwa niaba yake mwenyewe, ila hawezi kuikubali kwa niaba ya jirani ambaye hakuulizwa.

Kuna pia suala la wakati. Mwenye UVIKO-19 anaweza kuambukiza kama siku mbili kabla dalili hazijaonekana. Kipimajoto cha mlangoni humnasa mwenye homa na kumpitisha huyu mwingine, ambaye ataketi katikati ya ukumbi na kuimba kwa sauti yake yote. Kadiri sauti inavyopanda ndivyo chembechembe za mate zinavyotoka kwa wingi, na zile ndogo kabisa huelea kwa muda mrefu zikisafiri mbali kuliko mita moja au mbili. Ibada ya kawaida hukusanya masharti yote ya maambukizi mahali pamoja: watu wengi, saa nyingi, paa moja, sauti za juu, na wazee katika viti vya mbele.

Upande wa pili nao una hoja ambazo wataalamu wa afya walizipuuza kwa hasara. Ya kwanza ni ya haki. Tarehe 25 Novemba 2020, Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilizuia masharti ya New York yaliyoruhusu watu 10 tu kanisani katika maeneo ya hatari kubwa na 25 katika yale yaliyofuata, huku biashara zilizohesabiwa kuwa za lazima zikiwa hazina kikomo cha namna hiyo. Ukubali hukumu ile au uikatae, swali lake linabaki: sheria ikipima idadi ya vichwa bila kupima ukubwa wa jengo, inalinda nini? Kenya ilipofungua nyumba za ibada Julai 2020, iliweka watu 100, saa moja, na kuwaacha nje wenye umri chini ya miaka 13 na zaidi ya 58. Kikomo cha muda kilikuwa na mantiki nzuri sana. Kikomo cha watu 100 kilikuwa kilekile kwa kanisa kuu lenye dari ya juu na kwa kijumba cha mabati. Na sharti la umri, lenye nia njema bila shaka, liliwaondoa wazee wa kanisa, yaani watu wanaojua nani ni mjane, nani hana dawa, nani amegombana na nani.

Hoja ya pili ni ya mambo yasiyopita kwenye simu. Mahubiri yanasikika kwa redio bila kupoteza mengi. Mkate na divai haviwezi kutumwa, wala mikono ya kuwekewa mgonjwa, wala uso wa mtu anayekuuliza mara ya pili "Hujambo kweli?" kwa sababu jibu la kwanza halikumridhisha. Kanisa likifungwa kwa miezi, anayeumia zaidi ni yule ambaye kanisa lilikuwa mahali pekee alipoitwa kwa jina lake.

Historia ya kanisa haimpi ushindi yeyote, ingawa inatoa vielelezo vya kazi. Wakati wa tauni ya Milano mwaka 1576, watu walipozuiwa majumbani, Askofu Mkuu Carlo Borromeo aliagiza altare ziwekwe kwenye njia panda ili waumini wafuate Misa kutoka madirishani. Martin Luther, alipoandika kuhusu tauni mwaka 1527, aliwataka wachungaji wabaki na watu wao, na papo hapo akawataka watumie dawa, wafukize nyumba, wasiende mahali wasipohitajika. Zamora, Hispania, mwaka 1918, mambo yalikuwa kinyume: askofu aliitisha ibada za siku tisa mfululizo, watu wakapanga mstari kubusu masalia ya mtakatifu, na mji huo ukawa miongoni mwa iliyopoteza watu wengi zaidi nchini kwa homa ya mafua. Ukiweka visa hivi vitatu pamoja, huoni tofauti ya imani. Unaona tofauti ya mpangilio.

Basi tuingie kwenye mpangilio, maana hapo ndipo makanisa mengi yalipokosea, yaliyofunga na yaliyofungua.

Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 12, wenye kimo cha mita 4. Ndani yake kuna mita za ujazo 960 za hewa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza, kwa majengo yasiyo ya makazi, walau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Waumini 200 watahitaji lita 2,000 kwa sekunde, maana yake hewa yote ya ukumbi ibadilike mara saba na nusu kila saa. Madirisha ya upande mmoja hayawezi kazi hiyo. Waumini 60, yaani mmoja kwa kila mita nne za mraba, watahitaji ibadilike mara mbili na robo, na hilo linawezekana madirisha na milango ya pande mbili zinazotazamana ikiwa wazi. Feni za darini hazihesabiki: huzungusha hewa ileile. Feni iliyowekwa dirishani ikitazama nje hufaa zaidi, kwa kuwa huitoa hewa iliyochoka na kuivuta mpya kutoka upande wa pili.

Kipimo cha hewa ya ukaa ni msaada mkubwa kwa mzee wa kanisa anayetaka uhakika. Nje husoma takriban 420 kwa kila sehemu milioni. Ndani, chini ya 800 ni vizuri. Kikivuka 1,500 hewa imetuama na watu wapunguzwe au watoke. Kiwekwe katikati ya ukumbi, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi. Wengi hukiweka karibu na dirisha au mimbarini na kufurahia namba isiyowahusu walio katikati. Hakipimi virusi, kinaonyesha tu ni kiasi gani cha hewa unayovuta kimekwisha kupita kwenye mapafu ya wengine.

Kosa lililoenea kuliko yote lilikuwa kugawa ibada moja kuwa tatu na kuziacha zifuatane kwa pengo la dakika 15. Katika dakika hizo mashemasi walipangusa viti kwa maji ya klorini (mililita 20 za dawa ya asilimia 5 katika mililita 980 za maji hutoa asilimia 0.1 inayotakiwa), na wakaamini ukumbi umekuwa mpya. Viti, ndiyo. Hewa ya ibada ya kwanza ilikuwa bado ipo. Ili ibaki asilimia 5 tu ya hewa ya mwanzo, ukumbi lazima ubadilishe hewa mara tatu. Ule wetu wa mara mbili na robo kwa saa unahitaji saa moja na dakika 20. Kwa hiyo ibada mbili zenye pengo refu ni salama kuliko tatu zilizobanana, hata kama kila moja ya hizo tatu ina watu wachache zaidi.

Kwa mabenchi yaliyoachana sentimita 90, kuruka benchi moja kunatoa mita 1.8 kati ya safu. Benchi la mita 5 hubeba watu watatu, au familia moja ya nyumba moja ikiketi pamoja. Wimbo uhamie nje: nyimbo mbili uwanjani kabla ya kuagana, kwaya ikitazama upande ule ule upepo unakoelekea na kusanyiko likiwa nyuma yake au ubavuni. Kwenye Meza ya Bwana, kikombe cha pamoja kisimamishwe. Pombe iliyo kwenye divai ni kidogo mno kuua virusi ndani ya sekunde chache, na kufuta ukingo kwa kitambaa kilekile hakubadilishi mengi.

Kuna suluhisho linalopendwa na pande zote mbili, nalo linahitaji tahadhari: kuhamia jumuiya za nyumbani. Kiroho ni zuri. Kihesabu, angalia. Watu 12 katika sebule ya mita 3 kwa 4 yenye kimo cha mita 2.5 wanagawana mita za ujazo 30, yaani mbili na nusu kila mmoja. Wale 60 ukumbini walikuwa na 16 kila mmoja. Faida ya jumuiya ni kwamba mlipuko ukitokea unaishia kwa watu 12, mradi wasichanganyike na jumuiya nyingine. Mchungaji anayezunguka jumuiya tano kwa wiki akikaa ndani ya kila sebule huiondoa faida hiyo mwenyewe. Wakutane uani au chini ya mti, naye asimame nje ya duara.

Kufunga nako kuna ufundi wake, na makanisa mengi yaliyofunga yalifanya kazi nusu: yalinunua kamera. Video ya kiwango cha kawaida, megabiti 1 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 450 kwa saa. Mahubiri ya sauti tupu, kilobiti 32 kwa sekunde, dakika 15, hayafiki megabaiti 4. Bibi mwenye simu ya mtoto wake ataipata ya pili na hatawahi kuiona ya kwanza. Asiye na intaneti kabisa apigiwe simu.

Kupigiwa simu ndiyo roho ya kanisa lililofungwa. Gawa washirika kwa kaya 8 hadi 10 kwa kila mpigaji, mara mbili kwa wiki, na maswali matatu kabla ya sala: kuna chakula? kuna dawa? nani anaumwa? Panga mpigaji wa akiba kwa kila kundi, maana mpigaji naye huugua. Kinachoharibika hapa kinajulikana: orodha hutolewa kwenye daftari la sadaka, kwa hiyo asiyetoa hayumo, na mara nyingi asiyetoa ndiye mwenye shida. Anzia kwenye daftari la ubatizo na ndoa, kisha waulize wazee ni nani amesahaulika. Na sadaka ikihamia kwenye simu, iende kwenye akaunti ya kanisa yenye watia saini wawili, kamwe isiingie kwenye namba ya mtu binafsi hata akiwa mtakatifu kiasi gani.

Kwa maoni yetu, kufunga mara moja ni sahihi katika majuma ya kwanza ya ugonjwa mgeni, wakati hakuna anayejua unasafiri vipi. Baada ya hapo, tangazo la kufunga lisilo na tarehe ya kuangaliwa upya ni kosa, kama ilivyo kosa kufungua kwa ndoo ya maji mlangoni huku ibada yenye urefu wa saa tatu ikibaki ilivyokuwa.

Mazishi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na hapa pande zote mbili zinaweza kujifunza kutoka Ebola Afrika Magharibi. Mwaka 2014 timu za mazishi zilipokelewa kwa hasira mahali pengi, familia zikaficha miili. Shirika la Afya Duniani likaandaa utaratibu mpya wa mazishi salama na ya heshima kwa kushirikiana na mashirika ya dini, yakiwemo Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki: familia iulizwe kwanza, kiongozi wa dini awepo, sala isomwe, jina liandikwe kaburini. Kwa UVIKO-19 hatari kubwa ilikuwa kwa waombolezaji waliobanana chumbani kuliko kwa marehemu mwenyewe, kwa hiyo yanayowezekana ni mengi zaidi: ibada fupi makaburini, jamaa wa karibu, wengine wakisikiliza kwa simu iliyowekwa kwenye kipaza sauti.

Jambo moja husahaulika mno. Mlango ukifunguliwa, wapo waliozikwa mbele ya watu watano ambao kusanyiko halijawahi kuwalilia. Katibu aweke daftari la majina yao tangu kifo cha kwanza, na tarehe, na nani alisoma sala. Katika ibada ya kwanza ya uwanjani yasomwe majina yote bila haraka, familia zikisimama jina linapotajwa, na itengewe muda wake peke yake, bila mahubiri marefu na bila matangazo ya harambee.